Umeme Uliingiaje Kwenye Bati? Namna ya Kusoma Habari za Ajali za Magari-Nyumba

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya madereva, wauguzi, mafundi na makatibu wa miradi wa majimbo. Imefupishwa kidogo.)



Huenda mada yetu imewashangaza baadhi yenu, maana inahusu magari ambayo wengi wetu hatujawahi kulala ndani yake. Ni yale magari-nyumba, na matela ya kulala yanayovutwa na gari jingine, ambayo familia nyingi za Marekani husafiri nayo wakati wa likizo. Ndani mna vitanda, jiko, friji na taa. Likifika kambini huchomekwa kwa waya mnene kwenye nguzo fupi yenye soketi, na tangu hapo linapata umeme kama nyumba.

Sababu ya kulizungumzia jambo hili mnaijua. Tela la kliniki tulilopewa na marafiki zetu wa Marekani, ambalo sasa limeegeshwa nyuma ya karakana, lilianza maisha yake likiwa tela la kulala. Baadaye likageuzwa kuwa chumba cha kupimia wajawazito na watoto. Kuta zake ni za bati la alumini, ngazi yake ni ya chuma, na nyaya zake zote zimefungwa kwa utaratibu wa huko. Katika kikao kilichopita mjumbe mmoja wa kamati alileta nakala za habari za magazeti ya Marekani, zinazoeleza watu, wakiwamo watoto, waliopigwa na umeme kwa kugusa tu magari ya namna hiyo. Akauliza swali la haki kabisa: je, tuko tayari kuwapanga akina mama foleni, watoto mgongoni, mbele ya kitu kama hicho?

Kamati iligawanyika. Wako waliosema zawadi irudishwe. Wako waliosema magazeti yametia chumvi. Ofisi ya miradi ikaagizwa izisome habari hizo na kutoa ushauri, nasi tukazisoma pamoja na mafundi, mstari kwa mstari. Tulichokiona ni kwamba ajali za aina hii ni za kweli na hatari yake ni ya kweli, kwa hiyo aliyeuliza alifanya vema kuuliza. Lakini habari zenyewe, karibu zote, zinaacha jambo lile lile moja, nalo ndilo tulilolihitaji. Hazisemi umeme uliingiaje kwenye bati, wala kwa nini haukukatika.

Hatusemi hivi ili kuwadharau waandishi. Habari ya ajali huandikwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Mwandishi anaongea na polisi, anaongea na jirani wa kambini, anapiga picha ya gari. Wote hao si mafundi. Basi anaandika kilichoonekana: kulikuwa na mvua, mtoto alikuwa peku, alishika mlango, inadhaniwa gari lilikuwa na hitilafu ya umeme, uchunguzi unaendelea. Mkaguzi wa umeme anamaliza kazi yake baada ya wiki au miezi. Wakati huo ukurasa wa kwanza una mambo mengine, na msomaji wa mbali kama sisi anabaki na ile habari ya siku ya kwanza.

Lugha nayo ina mchango wake. Kiingereza kina neno la kufa kwa umeme lililobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati jimbo la New York lilipokuwa likiandaa kiti cha umeme cha kunyongea wahalifu. Aliyekuwa wa kwanza kuuawa kwa kiti hicho ni William Kemmler, Agosti 1890. Neno hilo lilimaanisha kifo. Siku hizi waandishi wengi wanalitumia hata kwa mtu aliyerushwa na umeme kisha akaenda hospitali na kurudi nyumbani. Kwa hiyo ukisoma kichwa cha habari tu huwezi kujua kama kuna msiba au hakuna.

Na sisi je? Sisi tuna “shoti”. Nyumba imeungua, ni shoti. Fundi ametetemeshwa mkono, amepigwa shoti. Mtu amefariki, kapigwa shoti. Nyaya mbili zimegusana na taa zikazimika, shoti pia. Neno moja limebeba mambo manne yasiyofanana, na moja kati ya hayo, lile la nyaya kugusana na breka kuruka, ni ishara kwamba kinga imefanya kazi. Katika moja ya tafsiri zilizoletwa kwenye kikao, sentensi ilisema mtoto alipigwa shoti kwa sababu gari lilipata shoti. Mafundi wetu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu ukweli ni kinyume: kama bati lingepata shoti ya kweli yenye njia nzuri ya kurudi, breka ingeruka na mtoto asingedhurika.

Hapo ndipo penye kiini cha mada, na tunaomba tukae hapo kidogo, hata kwa wale wasiopenda mambo ya ufundi.

Umeme wa soketi huja kwa nyaya tatu. Waya wa moto unauleta, nyutro inaurudisha, na wa tatu, ethi, kwa kawaida haubebi kitu. Huo umefungwa kwenye bati na chasisi ya gari. Siku waya wa moto ukichubuka na kugusa bati, ethi inaupa njia rahisi ya kurudi, mkondo mkubwa unapita kwa ghafla, breka inaruka. Lakini ethi ikiwa imekatika mahali fulani njiani, hakuna kinachoruka. Taa zinaendelea kuwaka, friji inaendelea kupoza, na bati lote linakaa na umeme bila kelele. Magurudumu ni ya mpira, kwa hiyo bati halina njia ya maana ya kushuka ardhini. Mafundi wa Marekani wana msemo wao kwa hali hii: wanasema ngozi ya gari ina moto.

Aliye ndani ya gari hasikii lolote, maana sakafu anayokanyaga na sinki anayoishika vina umeme ule ule. Ni kama ndege aliyetua kwenye waya. Anayeumia ni aliyesimama chini, nyayo kwenye nyasi mbichi na mkono kwenye kitasa. Sasa rudini kwenye zile habari. Ziko zinazosimulia kwa mshangao kwamba familia ililala humo usiku mzima bila tatizo, kisha asubuhi mtoto akatoka, akarudi, akashika mlango. Mwandishi anaona fumbo, lakini kwa fundi hiyo ndiyo namna yenyewe. Mvua haikuleta umeme kwenye bati. Iliifanya ardhi na ngozi ya mtu vipitishe umeme vizuri zaidi. Inawezekana kabisa bati lilikuwa na moto tangu gari lilipochomekwa.

Na ethi hukatika wapi? Mara nyingi nje ya gari. Wamarekani wengi wakirudi safarini huegesha gari uani na kulichomeka kwenye soketi ya nyumba kwa ekstensheni, ili friji isizime. Nyumba nyingi za huko zilizojengwa kabla ya miaka ya 1960 zilikuwa na soketi za matundu mawili, bila ethi. Plagi ya gari ina pini tatu. Basi mwenye nyumba anatafuta kiungo cha kugeuza tatu kuwa mbili, au anaikata ile pini ya tatu kwa koleo. Gari linawaka kama kawaida, ila ethi yake imeishia pale.

Kuna hali mbaya zaidi, na hii inafaa mafundi vijana waisikilize. Mtu anabadilisha soketi ya zamani kwa mpya ya matundu matatu, na kwa kuwa ukutani kuna nyaya mbili tu, anaunganisha tundu la ethi na la nyutro kwa kipande kifupi cha waya. Kisha, kwa bahati mbaya, nyaya mbili za ukutani amezipishanisha. Matokeo yake moto unaingia moja kwa moja kwenye tundu la ethi. Chombo chochote chenye bati kikichomekwa hapo kinapata umeme mwili mzima kupitia waya ule ule uliowekwa kukilinda. Kile kipimo kidogo cha plagi chenye taa tatu, kinachouzwa madukani, kitasema kila kitu ni sawa. Gazeti nalo litaandika kwamba gari lilikuwa na hitilafu, wakati gari halina kosa hata moja na ugonjwa uko ukutani.

Ndiyo maana tunasema swali la ethi si la wataalamu peke yao. Habari ikiacha swali hilo, msomaji anajifunza kinga isiyo kinga. Baada ya kikao tulisikia ushauri wa aina nyingi kutoka kwa watu wema: wauguzi wavae viatu vya mpira, tela lisitumike siku za mvua, tuchimbie nondo ya shaba kando ya tela kila tunapoegesha, umeme wao ni volti 120 tu, hauui, na kwamba breka ipo, kwa hiyo hofu ya nini.

Viatu vya muuguzi havimsaidii mama aliyekuja peku, kwa hiyo hilo tuliache. Kuhusu breka, soketi za ndani ya magari haya kwa kawaida zina breka za ampea 15 au 20. Ampea 15 ni miliampea 15,000. Bwana Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima watu waliojitolea, akaona kwamba kwa wastani mwanamume akizidi miliampea 16, na mwanamke 10.5, misuli ya mkono inakaza na hawezi tena kuachia. Kwa watoto ni chini ya hapo. Mkondo wa kama miliampea 100 ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mtu anaweza kufa huku breka ikitulia kabisa, maana breka iliwekwa ili nyaya zisiungue.

Kuhusu volti 120: mwili wenye ngozi iliyolowa huweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1,000. Gawanyeni wenyewe, ni miliampea 120. Kwa volti 230 za hapa kwetu ni 230. Basi neno “tu” liondolewe.

Ushauri wa nondo ulitolewa kwa kujiamini kuliko mwingine wote, na tunaona ni wa kuogopwa kuliko mwingine wote, kwa sababu unampa mtu amani. Tuseme nondo yetu imechimbiwa vizuri na ukinzani wake na ardhi ni omu 25, kiasi ambacho kanuni za Marekani hukitaja. Katika udongo mkavu wa kiangazi kupata omu 25 kwa nondo moja si kazi rahisi. Bati likipata volti 230, mkondo utakaopita kwenye nondo ni ampea 9.2. Breka ya ampea 32 haitaruka kwa ampea 9. Haitaruka leo wala kesho. Bati litabaki na moto, nondo ikiwa imesimama pale kama mlinzi aliyelala.

Kinachookoa ni ethi isiyokatika kutoka kwenye chanzo hadi kwenye bati, pamoja na kile kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, kikiona upungufu kinakata. Dalziel huyo huyo ndiye aliyekibuni cha Kimarekani, mwaka 1961. Chao hukata kati ya miliampea 4 na 6. Vinavyouzwa kwetu kwa kinga ya watu, ambavyo mafundi huviita RCD, hukata kwenye 30. Kikiwekwa hicho, ile nondo nayo inapata kazi ya maana, kwa sababu sasa inatosha ipitishe sehemu ndogo sana ya ampea.

Jambo jingine kwa haraka. Tulipozipanga zile nakala mezani tuliona si ajali za aina moja, ingawa zote zilikuwa na picha ya gari-nyumba. Nyingine ni za antena au nguzo ya hema kugusa nyaya kubwa za juu. Hapo RCD haisaidii, dereva mwenye macho ndiye msaada. Nyingine ni za mwenye gari kufungua kisanduku cha umeme mwenyewe bila kuchomoa. Na kuna hatari ya jenereta lililochomekwa kwenye soketi ya nyumba, likarudisha umeme barabarani. Transfoma inaupandisha, na fundi wa shirika la umeme aliye juu ya nguzo akijua laini imezimwa anauawa. Kuhesabu yote haya pamoja na kusema “magari-nyumba yameua kadhaa” hakumfundishi mtu kitu. Kwenye maziwa ya huko kuna mfano wa kinyume: watu waliokuwa wakiogelea karibu na boti zilizochomekwa umeme gatini waliandikwa kwamba walizama, kwa sababu umeme wa majini hauachi alama mwilini. Huko habari ilipunguza, huku inachanganya.

Sasa turudi kwenye tela letu. Ushauri wa ofisi ya miradi ni kwamba lisirudishwe, na pia lisichomekwe popote kama lilivyo. Tunaomba kamati ikubali nyaya zote za Kimarekani zitolewe, kisanduku chao kiondolewe, na mfumo mpya wa volti 230 ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Tumependekezewa njia ya bei nafuu, kununua transfoma ya kushusha hadi 120 na kuacha mengine yote, lakini hatuipendi. Transfoma nyingi za aina hiyo zina koili moja, upande wa kuingilia na wa kutokea vimeungana. Na kuna suala la rangi. Katika nyaya za Marekani mweusi ni wa moto na mweupe ni nyutro. Mafundi wetu wengi wenye umri wamejifunza kwa nyaya za Kiingereza za zamani, nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Mzee wa watu ataitwa kijijini saa moja jioni kurekebisha taa, ataona waya mweusi, ataushika kwa imani. Hatutaki kuandika taarifa ya siku hiyo.

Wauguzi mmeuliza ninyi mtahusika vipi. Kila kituo, kabla foleni haijaanza, dereva atapita na ile kalamu ya kupimia umeme bila kugusa. Kwanza aijaribu kwenye soketi anayojua ina umeme, ahakikishe inalia. Kisha asimame chini ardhini, siyo kwenye ngazi ya tela, maana akiwa juu ya bati lenye moto kalamu inaweza kukaa kimya. Aisogeze kwenye ukuta, kitasa na ndoano ya kuvutia. Ikilia, hakuna kugusa chochote. Umeme uzimwe kule unakotoka, na siku hiyo mtapima watoto chini ya mwembe. Ekstensheni itakuwa moja tu, yetu wenyewe, ya nyaya tatu, na dereva ndiye mwenye funguo ya sanduku lake. Ya kuazima kwa jirani hapana, hata jirani akiwa mzee wa kanisa. Soketi ya kuchomekea pia ipimwe kwa mita, siyo kwa ile plagi yenye taa tatu.

Makatibu wa majimbo, kwenu tuna ombi dogo. Taarifa za ajali zinazofika ofisini kutoka zahanati na shule mara nyingi zina mstari mmoja, “shoti ya umeme”, na sahihi. Fomu mpya itakuwa na nafasi ya kujaza mambo matatu: ethi ilipimwa na ilikutwaje, kulikuwa na RCD au hapana, na nani alipima. Kama hakuna aliyepima, muandike hakuna aliyepima. Hiyo nayo ni taarifa.

Kuhusu fedha, Mwenyekiti ametuuliza nani atalipia kufunga mfumo mpya, kwa kuwa zawadi ilikuja bila bajeti ya kuubadilisha. Tumewaandikia waliolitoa, tukaambatanisha maelezo haya yote pamoja na picha za kisanduku. Bado hatujapata jibu. Wakikataa tutaileta hoja kwenye halmashauri, na hadi hapo tela litatumika kwa mwanga wa mchana na taa za betri ya gari.

Baada ya chai fundi atakuja na mita yake. Amechukua ubao wenye soketi mbili, moja ameifunga vizuri na nyingine ameifunga kwa lile kosa la kupishanisha, na bati la mita moja. Kila dereva atapima mwenyewe, mmoja mmoja, wengine wote wakiwa nyuma ya kamba.